Mimi AC, Yeye Difu

Wapo wanandoa wanaogombania rimoti. Sisi tuligombania difu. Mume wangu alirithi Land Rover Series III ya mwaka 1978 kutoka kwa marehemu baba yake, na tangu siku ile nikajua nina mke mwenza. Mwenyewe wa mabati, anakunywa mafuta balaa, na ole wako umseme vibaya mbele ya wakwe!

Mwaka 2024 akiba yetu ilitosha jambo moja tu kwenye gari hilo. Mwenzangu akataka difu, mimi nikataka AC. Na wala si mambo ya urembo, jamani. Mtoto alikuwa na miezi minane, harara shingo nzima kwa joto la Dar, na Krismasi ilikuwa lazima tumpeleke Iringa kwa mama yangu, ambaye miguu haimruhusu tena kupanda basi. Alikuwa hajamshika mjukuu wake hata mara moja.

Hoja ya baba watoto ilikuwa na maana, nisimwonee. Difu ya Series ina uwiano wa 4.7, yaani shafti inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Ukienda kilomita 80 kwa saa, injini iko kwenye mizunguko karibu 2,900 kwa dakika, na humo ndani mnaongea kwa kupiga kelele kama mko disko. Ukifunga difu ya 3.54 kutoka Range Rover za zamani, inashuka hadi 2,200 hivi. Chalinze mnafika mkiwa bado mnasikilizana.

Basi tukamfuata fundi mmoja mzee pale Gerezani. Akanigeukia mimi: “Shemeji, Iringa mnapitia wapi?” Kitonga, nikasema. Akacheka.

Kumbe difu ya 3.54 inakunyang'anya robo nzima ya nguvu ya kuvuta, na injini yenyewe ina farasi 70 na ushei tu. Na huwezi kubadilisha ya nyuma ukaacha ya mbele, maana siku ukiingiza four-wheel kwenye barabara ngumu zitashindana mpaka kitu kivunjike. Kwa hiyo unanunua mbili. Halafu spidomita ya gari hili inasomea kwenye transfa, kabla ya difu: ikikuonyesha 60, wewe unakwenda 80. Waelezee hilo trafiki wa Mikumi.

Nikaanza kutabasamu. Mzee akanikata maini na mimi: kompresa ya AC nayo inakula farasi wale wale, na kondensa inakaa mbele ya rejeta, hivyo injini inapokea upepo uliokwishapashwa moto. Ukiweka difu nyepesi na AC kwa pamoja, Kitonga utapanda na gia ya pili huku unaangalia geji ya joto kama unaangalia penalti.

Hapo ndipo tulipoacha kubishana. Tulikuwa tunagombea farasi 70, na wote tulikuwa tunawataka siku moja, kwenye mlima mmoja.

Tukabakiza 4.7. Tukafunga AC ya chini ya dashibodi, ya gesi ya R134a, tukasafisha rejeta na kubadili raba za milango. Usipuuze raba, msomaji wangu! Vioo vya gari hili ni vya kusukuma na bati la juu ni kikaango. Bila kuziba matundu na kubandika sponji chini ya paa utakuwa unaipoza Barabara ya Morogoro.

Yeye nikamwahidi ovadraivu. Hiyo inafungwa nyuma ya transfa, inapunguza mizunguko kwa zaidi ya asilimia 20, na mlimani unaitoa kwa mkono wake. Difu haiguswi, spidomita haidanganyi.

Krismasi tulikwenda. Kwenye mteremko wa Mbuyuni kulikuwa na joto la tanuri, mtoto kalala. Kitonga ilipoanza, baba yake alizima AC bila kuniuliza, nami nikasukuma kioo bila kununa. Mama alimpokea mjukuu akiwa na shingo kavu, akamvua soksi na kumhesabu vidole.

Ovadraivu bado tunaichangia. Kibubu kiko chini ya kitanda, upande wangu.