Kabla ya Kuchukua Nyundo

Wengi wenu mnaijua injini ya mapigo mawili hata kama hamlijui jina lake. Ndiyo ile ya msumeno wa mota unaopasua mbao katika misitu ya Walikale, na ya jenereta ndogo inayolia dukani jioni, na ya pikipiki za zamani zenye moshi wa buluu. Pikipiki nyingi za siku hizi ni za mapigo manne. Lakini zile za zamani hazijakwisha, nazo zikifa hufa kwa namna yao. Nataka kuwasimulieni habari za moja niliyoitiwa hapa Pinga mwaka 2017.

Ilikuwa pikipiki ya kituo kimoja cha afya. Kazi yake ni kubeba sanduku la baridi lenye chanjo mpaka vijiji vya milimani. Tangu ilipokwama, muuguzi alikwenda kwa miguu, sanduku begani, na barafu haimngojei mtu. Mara mbili alifika imekwisha kuyeyuka. Akina mama waliokuwa wamekaa tangu asubuhi wakarudi nyumbani na watoto wao bila sindano.

Nilikuta vijana wanne wameizunguka. Mmoja akaniambia, “Papa fundi, tumeisukuma mteremko wote katika gia ya pili, gurudumu linaburuzika tu.” Mwenzake alikwisha kushika nyundo na kipande cha nondo. Nikamwomba aviweke chini kwanza.

Labda mtauliza, kwa nini? Basi sikilizeni jinsi injini hii ilivyo. Katika injini ya mapigo manne, oili hukaa chini mahali pake, ikazunguka na kurudi. Katika hii ya mapigo mawili, chumba kilicho chini ya pistoni ndicho njia ya hewa na esanse, kwa hiyo oili haiwezi kuwekwa humo. Huja pamoja na esanse, hulainisha vyuma ikipita, kisha huungua na kutoka kwa moshi. Mwingereza Joseph Day ndiye aliyeipa umbo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wengi wenye injini hizo huchanganya kwa mkono: kwa kila lita moja ya esanse, mililita 20 za oili kwa zile za karibuni, na 40 kwa nyingi za zamani. Mwaka 1964 Yamaha wa Japani walianza kuuza pikipiki zenye pampu ndogo inayovuta oili yenyewe kutoka tangi lake. Pikipiki yetu ilikuwa na pampu ya namna hiyo. Kumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Swali la kwanza: je, ni injini kweli? Nikaitoa katika gia. Gurudumu likazunguka vizuri. Nikakanyaga kiki, ngumu kama mwamba. Nikatoa plagi, kwa maana silinda ikijaa maji au esanse, pistoni haipandi, na mwenye kulazimisha hupinda mkono wake. Plagi ilikuwa imefungwa kwa vidole tu, na ndani yakatoka maji mekundu ya kutu.

Kisha nikafungua bomba la moshi. Hapa injini ya mapigo mawili ina wema wake: mlango wa moshi uko ubavuni mwa silinda, nao ni dirisha la kumtazama mgonjwa. Nikaona pistoni imechorwa mistari ya kwenda juu na chini, kama kucha za paka, na pete zake zimegandamana ndani ya mifereji. Nikasimama nikifikiri. Kutu haichori mistari ya namna ile. Kwa hiyo magonjwa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine.

Nikamwuliza muuguzi ilikufaje. “Ililia kama mtoto wa mbwa,” akasema, “ikasimama mlimani, njia ya Kalembe. Ilipopoa kiki ikashuka, nikaendelea. Siku ya pili ikasimama kabisa.” Ushahidi huo ulitosha. Pistoni ni ya alumini na silinda ni ya chuma. Alumini hutanuka kwa joto kuliko chuma, ikibana, na ikipoa huachia. Baada ya hapo pikipiki ilikaa miezi mitano chini ya upenu, matone ya mvua yakiidondokea.

Tukaondoa kichwa cha silinda, tukamimina mazutu na oili, tukaiacha siku mbili. Siku ya tatu tukazungushia silinda matambara yaliyochovywa maji ya moto, tena na tena, ili silinda itanuke kabla ya pistoni. Moto wa kweli karibu na esanse siutaki. Nikaweka kipande cha mti mgumu juu ya pistoni, nikagonga kidogo kidogo pande zote, na yule kijana wa nyundo akashika spana kwenye nati ya gurudumu la sumaku, akirudisha na kupeleka. Ikasogea unene wa ukucha. Akapiga kelele mpaka watu wa sokoni wakaja.

Silinda tuliivuta juu moja kwa moja bila kuizungusha, maana ncha za pete hunaswa katika milango yake zikavunjika. Na mdomo wa chini tuliuziba kwa kitambaa safi. Nilishika mkono wa pistoni nikauvuta juu na chini: haukucheza. Kutu ilikuwa ya juu juu tu. Karatasi laini ya msasa na oili ziliimaliza. Ingekuwa imekula chuma, silinda ingepaswa kwenda kuchongwa. Pistoni mpya na pete zilifika kutoka Goma baada ya siku tisa.

Sasa wote walitaka kuiwasha. Nikakataa, kwa kuwa hatukujua bado iliyomwua ni nani. “Oili ipo, Papa, tazama mwenyewe!” Kweli, tangi lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Nikaufuata mpira wake kwa kidole mpaka kwenye pampu, na humo ndani nikaona povu la hewa, urefu wake kama kidole gumba. Zamani tangi lilikauka, mtu akalijaza, lakini hewa ikabaki njiani, na pampu ile haiwezi kusukuma oili kupita hewa. Injini ilikufa kwa kiu karibu na kisima. Nikalegeza skrubu ya pampu mpaka oili ikatoka bila povu, na kwa tangi la kwanza la esanse tukachanganya pia mililita 20 kwa lita, kwa usalama. Tukakwangua na matope yaliyojaa katikati ya mapezi ya silinda, kwa sababu hayo nayo huzuia upepo wa kupoza.

Iliwaka kwa kiki ya saba, ikafunika uwanja kwa moshi. Siku ile ilikwenda sokoni na kurudi tu, ikapoa, nikaigusa, ikaenda tena. Jumanne iliyofuata muuguzi alifunga sanduku la chanjo nyuma, akashika njia ya Kalembe, na kichupa cha oili katika mfuko wa koti.