Rambo Akiwa Kipa

Vijana wenzetu, tukitaja filamu za mpira, wadogo zetu wanataja za juzi juzi. Sisi tuliokulia Nyarugusu tunarudi kwa ileile, Escape to Victory ya mwaka 1981.

Kibanda umiza tuliingia kwa sababu ya Rambo, tusidanganyane. Kumbe Rambo hana bunduki, amewekwa golini! (Stallone aliicheza mwaka mmoja kabla ya Rambo ya kwanza, lakini nani angetuambia.) Ni Vita Kuu ya Pili, na wanajeshi waliotekwa na Wajerumani wanatolewa kambini kwenda Paris kucheza na timu ya Ujerumani. Pelé yumo, Bobby Moore yumo, Ardiles yumo. Yaani mpira wenyewe, siyo waigizaji wanaokimbia kimbia kama kuku.

Ubishi wetu ulikuwa kwenye mapumziko. Wako nyuma 4-1, na Wafaransa wanaopigana kwa siri wamechimba njia mpaka kwenye bafu la wachezaji. Shimo liko wazi. Halafu wachezaji wanasema turudi uwanjani, mechi hii tunaiweza. Rambo amekasirika vibaya.

Kwa watu wanaoomba kibali ndiyo watoke nje ya kambi, hiyo siyo hadithi ya Wazungu tu. Kibanda kiligawanyika. "Ingieni shimoni, wajinga nyie!" "Waacheni wasawazishe!" Papa mmoja wa Fizi, aliyekaa nyuma, akasema mtu akionyeshwa njia haulizi matokeo. Mzee hajibiwi hovyo, tukanyamaza, ila kesho yake kwenye foleni ya maji tuliendelea.

Miaka baadaye wenzetu wawili wa timu waliitwa na familia zao kwa safari ya Marekani, katikati ya mashindano. Beki alicheza Jumamosi, basi likaja Jumatatu. Kipa hakutokea uwanjani, aliogopa kuvunjika mguu safari ikasogezwa. Tulifungwa tatu. Hakuna aliyemlaumu.

Siku Pelé alipofariki, Desemba 2022, tulitumiana kile kipande cha tikitaka. Ameumizwa mbavu, anarudi, anapiga, na meja wa Kijerumani anasimama kumpigia makofi mbele ya wakubwa wake. Kipa wetu naye akaandika kutoka huko Marekani: "Goli tamu. Lakini mimi bado ningeingia shimoni, mngerudi uwanjani bila mimi."