Jibu Nililomfundisha Mwanangu

Seminari ndogo ni shule ya sekondari ya wavulana watupu, mali ya jimbo au ya shirika la kitawa la Kanisa Katoliki, na shabaha yake ni kuandaa watakaokuja kuwa mapadri. Hilo halijafichwa, limeandikwa hata kwenye kibao cha barabarani. Lakini sisi wazazi wengi tunazitafuta shule hizi kwa sifa nyingine. Ada yake inabebeka ukilinganisha na shule nyingi za binafsi za mjini, walimu wanaingia darasani, simu haziruhusiwi, na matokeo ya kidato cha nne hayamwaibishi mtu. Nilikuwa mmoja wa wazazi hao, na sidhani kama nimeacha kuwa mmoja wao, ingawa sasa nalisema kwa sauti ya chini kidogo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali hapa Dar es Salaam. Nafundisha darasa ambalo watoto wa nyuma husoma kwa kusikia zaidi kuliko kwa kuona ubao, na mwanangu naye alisoma katika darasa la namna hiyo. Sina kinyongo na serikali, ndiyo inayonilisha. Tangu Januari 2016 sekondari za umma hazitozi ada hadi kidato cha nne, na ninawafahamu wanafunzi wangu wa zamani ambao bila hatua ile wangekuwa wanauza maji kwenye foleni za Tazara. Ila mzazi akishaanza kulinganisha haachi. Kila matokeo yalipotoka nilikuwa nakata gazetini orodha ya shule kumi bora, naihifadhi kwenye bahasha moja na karatasi za kiwanja changu. Januari 2023, mwezi uleule mwanangu alioanza kidato cha kwanza, Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo bila orodha hiyo. Wakati huo ilikuwa haina kazi tena kwangu. Ilikwisha kunichagulia.

Zipo shule za serikali za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora, ambako mtoto huingia kwa alama zake za darasa la saba na hakuna anayemuuliza anataka kuwa nani. Zamani niliuona huo kuwa upungufu. Siku hizi naona kuna huruma fulani ndani yake.

Seminari niliyoilenga iko nyanda za juu kusini, katika jimbo ambalo si letu na wala si nilikozaliwa. Kuomba nafasi ukitokea mbali kuna adha zake. Shule ya jimbo huwaangalia kwanza vijana wa jimbo, na wewe wa kuja unatakiwa uje na barua ya paroko wako inayosema kwamba mtoto anafahamika. Nilikwenda ofisi ya parokia nikiwa na cheti cha ubatizo, cha kipaimara na cheti changu cha ndoa, nimevipanga vizuri kwenye faili, nikatoa Tumsifu Yesu Kristo yangu kwa sauti ya mtu mwenye haki. Padri akapokea salamu, akaangalia faili, akaniuliza natoka jumuiya gani. Nilitaja mtaa. Akatabasamu kidogo, akanielekeza nianzie kwa mwenyekiti wa jumuiya.

Jumuiya yetu husali Jumamosi alfajiri, saa ambayo mimi hujipa ruhusa ya kulala. Mwenyekiti ni mama mtu mzima anayeuza vitambaa. Alifungua daftari la mahudhurio, akalishusha kidole taratibu ukurasa kwa ukurasa, halafu akalifunga. “Mtoto tunamfahamu, baba. Anatumikia, na hata misiba tunakwenda naye. Wewe ndiye hatukufahamu.” Hakulisema kwa ukali. Barua aliiandika palepale, kwa kalamu yake mwenyewe, na nikiwa njiani kurudi nyumbani nikajikuta nimeudhika, nikimtafutia kosa yule mama na kulikosa.

Wazazi wenzangu walikuwa wameniambia kwamba mtihani wa kuandika si kitu cha kumnyima mtu usingizi. Hisabati, Kiingereza, maarifa, dini, mtoto anayejituma atapenya. Kinachowaangusha ni usaili, pale padri anapomtazama mtoto usoni na kumuuliza kwa nini anataka kuwa padri. Kwa mwalimu hiyo ni habari njema, maana swali likishajulikana, jibu linaandaliwa. Tukaanza mazoezi barazani baada ya chakula cha usiku, mimi nikijifanya gombera, ndivyo anavyoitwa mkuu wa seminari.

“Kwa nini unataka kuwa padri?”

“Kwa sababu napenda kutumikia. Napenda kubeba chetezo.”

“Hiyo ni ndogo. Sema: nimeusikia wito wa Mungu tangu utotoni.”

Akanyamaza, akichokonoa nyuzi za mkeka. “Tangu utotoni lini, baba? Kwani sasa hivi mimi si mtoto?”

Mama yake alicheka jikoni. Mimi sikucheka, nilikuwa na haraka ya kumfikisha kwenye jibu. Alitaka pia kunieleza habari za chetezo, kwamba ukikitikisa vibaya mnyororo unagonga na watu wa viti vya mbele wanageuka, lakini ukiupata mwendo wake kinakwenda chenyewe na moshi unapanda wima. Alieleza kwa mikono, akiinamisha kichwa kama yuko kule kule altareni. Nikamwambia hayo hayaulizwi. Usiku ule tulirudia sentensi yangu mpaka ikamtoka bila kukwama, na nilikwenda kulala nimeridhika, kama ninavyoridhika darasa langu linapojibu kwa pamoja.

Baadaye sana, kwa sababu nisizoweza kuzieleza vizuri, nilianza kusoma habari za seminari zilikotoka. Chanzo chake ni Mtaguso wa Trento. Mwaka 1563 maaskofu waliagiza majimbo yawe na vyuo vya kuwalea vijana kwa ajili ya upadri, na wakasema wa kupokelewa ni akina nani: wenye miaka isiyopungua 12, waliozaliwa katika ndoa halali, wanaojua kusoma na kuandika vya kutosha, na ambao tabia yao na mwelekeo wao vinatoa tumaini kwamba watadumu katika utumishi huo. Walitaka hasa watoto wa maskini wachaguliwe, bila kuwafungia mlango wa matajiri, mradi hao wajigharimie. Niliposoma hivyo niliiona fomu tuliyoijaza, umri, cheti cha ndoa, ripoti ya shule, kila kitu kimekuja mpaka kwetu kikiwa karibu hakijaguswa. Lakini penye wito, wazee wale waliridhika na tumaini. Mimi ndiye niliyempeleka mtoto na uhakika.

Tulipanda basi Mbezi, kituo cha Magufuli, kabla hakujakucha. Mikumi alikaa dirishani akitafuta twiga, mlima Kitonga alikuwa amelala, na Makambako baridi ilituingia tukiwa bado na nguo za Dar. Siku ya usaili sisi wazazi tuliachwa nje, kwenye mabenchi chini ya mikaratusi, kila mmoja amejifanya anasoma kitu. Mtoto wa kwanza alipotoka, baba yake alimwahi kabla hajashuka ngazi: “Umesema tangu utotoni?” Wengine tuliangalia chini. Nadhani barazani kwao, huko walikotoka, mikeka mingine ilichokonolewa vilevile.

Wangu alipotoka alisema amejibu kama nilivyomfundisha. Nikamuuliza padri alisemaje. Hakusema kitu, alimuuliza tu kama amewahi kushika jembe.

Alichaguliwa. Ilikuja orodha ya vifaa, tukaanza kuzunguka kutafuta tranka, jembe lenye mpini, kwanja, ndoo, blanketi zito ambalo Kariakoo muuzaji alilitoa juu kabisa ya rafu akitushangaa, na Misale ya Waumini. Nilimwona ameondoka na furaha yangu nilikuwa nayo kamili. Sitaki kujifanya kwamba kulikuwa na wingu lolote. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda kama nilivyopanga. Ripoti zilikuwa nzuri, alikuja likizo ameongezeka kimo, anaosha sahani yake bila kuambiwa, anaamka kabla yangu.

Kisha likizo moja, akiwa kidato cha tatu, alikuwa uani anamsaidia jirani kufunga mnyororo wa pikipiki. Nilikuwa dirishani nasahihisha madaftari. Nikamsikia anamwambia, “Mimi nikiwa padri lazima nijue kutengeneza hizi, vigango vya kule viko mbali na mvua ikinyesha hakuna fundi atakayekufuata.” Jirani akamuuliza kama mshahara upo. Akasema hajui, akaendelea kukaza nati.

Kalamu yangu ilisimama kwenye daftari la mtoto wa watu. Sentensi yangu haikuwamo katika maneno yake. Hapakuwa na wito, hapakuwa na utotoni. Palikuwa na vigango, mvua na nati. Na mimi, niliyeitamani sana ndiyo yake siku ile ya usaili, niliisikia sasa ikanishuka tumboni. Ni mtoto wangu wa kiume peke yake. Nilikuwa nimemhesabia uhandisi, mke, wajukuu wa kunitembelea kiwanjani nitakapojenga. Nilikuwa nimeiomba shule, na shule inaelekea kunipa nilichokiomba kwa mdomo.

Tangu siku hiyo najiuliza jambo moja kwa njia nyingi. Je, ni sentensi yangu iliyomwingia kwa kurudiwa, ikaota mizizi ambayo sikuikusudia? Ikiwa ni hivyo, nimechezea maisha ya mtu kwa ajili ya nafasi ya kidato cha kwanza. Au kitu kilikuwamo tangu mwanzo, pale alipokuwa ananieleza habari za mnyororo unaogonga na moshi unaopanda wima, nami nikamwambia hayo hayaulizwi? Ikiwa ni hivyo, nilikuwa naelekea kukizima ili kukiwekea maneno mazuri zaidi. Ningemuuliza mwenyewe, lakini nitaliamini vipi jibu la mtoto niliyemfundisha kujibu?

Kwenye siku ya wazazi gombera alisimama akatwambia kwamba vijana wengi wanaoingia pale hawatafika kwenye daraja la upadri, na kwamba Kanisa halihesabu hiyo kuwa hasara. Akataja hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965 kuhusu malezi ya mapadri, inayotaka masomo ya seminari ndogo yapangwe hivi kwamba kijana akichagua maisha mengine aendelee kwingine bila shida. Akakumbusha kwamba Laurean Rugambwa alipita seminari ya Rubya, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Akaongeza kwamba Benjamin Mkapa naye alipita seminari, ya Kigonsera, na akaja kuwa Rais wa awamu ya tatu. Ukumbi ulipiga makofi kwa Rugambwa, lakini kwa Mkapa ulipiga zaidi. Nilijisikia napiga kwa nguvu kuliko jirani yangu. Pale mbele mapadri walikuwa wanatutazama kwa upole wa watu waliokwisha kutuzoea.

Nimefikiri pia upande wao. Wanajua bila shaka kwamba watoto wanaletwa wamekaririshwa. Yule padri aliyemuuliza mwanangu habari za jembe huenda alikuwa amesikia utoto ule asubuhi nzima, akaamua kuuliza kitu ambacho baba hakukifikiria. Mwanangu alimjibu nini? Sikuwahi kumuuliza. Nilipojua kwamba si swali la kumwangusha, nilipoteza hamu nalo.

Nimejaribu kulizungumza na mke wangu. Yeye anasema nilitaka mtoto aseme ndiyo, amesema, sasa nalalamikia nini. Nikamwambia silalamiki, nataka tu iwe ameisema mwenyewe. Akaendelea kuchambua mchele wake, halafu akaniuliza kama ualimu mimi niliuchagua mwenyewe. Anajua habari zangu. Nilijaza machaguo matatu, ualimu ukiwa wa mwisho, nao ndio niliopangiwa, na mwaka wa kwanza niliandika barua ya kuacha nikaikosea anwani. Leo ukiniondoa darasani utakuwa umeniondoa kwangu. Nilimwambia hilo ni jambo tofauti. Akasema labda. Bado tunalo, na likizo ya Juni mtoto atakuja.