Kwenu ni Wapi?

Wasee, leo naungama. Mwaka jana kinyozi mmoja hapa Ruiru aliniita nimchoree ukuta. Nikadhani anataka sura za wanamuziki, kama kawaida. Akasema, "Nichoree New York. Ile daraja yao." Doo ilikuwa poa, nikachora Brooklyn Bridge nikiangalia simu. Mimi, ambaye sijawahi hata kuvuka Namanga.

Wateja waliipenda. Mimi nilibaki na swali: mbona sikumwambia nimchoree Ruiru?

Jibu linauma kidogo. Wazazi wangu walitoka Kakamega kuja kutafuta kazi ya kiwanda Thika. Mimi nimezaliwa huku, lakini nikitaja jina langu la pili, lazima mtu aulize, "Lakini kwenu ni wapi?" Ukiulizwa hivyo maisha yako yote, unaanza kuamini mtaa una wenyewe na wewe ni mpangaji tu. Na mpangaji hachori ukuta wa landilodi.

Basi nikaanza kusoma kuhusu hilo daraja. Kumbe mmoja wa michoro yake maarufu ulichorwa na mtu wa kuja! Joseph Stella, Mwitaliano, alifika New York mwaka wa 1896. Mwaka wa 1909 akarudi Ulaya, akakuta wachoraji wanavunja picha kuwa mwanga na mwendo kasi. Alirudi Marekani na jicho hilo, na kufikia 1920 alikuwa ameligeuza daraja hilo kuwa nyaya, taa na usiku.

Na sisi je? Tunaye wetu, na kazi yake iko safari ya matatu moja tu kutoka Thika. Elimo Njau, Mchagga, alizaliwa Tanganyika mwaka wa 1932, akasomea sanaa Makerere. Mwaka wa 1959, Hali ya Hatari ikiwa bado haijaisha, alichora kuta za kanisa kuu la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Kuchora Biblia ukutani ni desturi ya zamani ya makanisa ya Ulaya. Lakini Yesu wake ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni hii ya Murang'a.

Hebu fikiria. Miaka ile, swali la "wewe ni wa upande gani" lingeweza kukuua. Na mtu wa kutoka Kilimanjaro ndiye aliyewachorea watu wenye matanga vilima vyao wenyewe.

Nilienda Jumamosi moja, nikasimama mbele ya zile kuta muda mrefu. Nikaelewa kitu kimoja: huyu msee hakuhitaji kuwa mwenyeji. Alihitaji kuangalia vizuri. Na mimi Thika Road nimeiangalia tangu ikiwa vumbi la ujenzi, kabla ya ile 2012 ilipofunguliwa.

Nikarudi kwa kinyozi. "Mkubwa, nipe ule ukuta mwingine. Huu ni bure."

"Utachora nini?"

"Hapo nje."

Nikachora steji ya Ruiru saa kumi na mbili jioni: makanga akining'inia mlangoni, taa za matatu, moshi wa mahindi choma. Mteja mmoja akaruka kwenye kiti, nusu kichwa kimenyolewa: "Ai, si huyu ni mama wa hapo kona!"

Ile ya New York niliitia sahihi ya jina la utani. Hii nimeandika majina yangu yote mawili.