Kurudi kwa Namua

Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake. Hayo hayana mgogoro. Mgogoro huanza katika swali dogo: kete hizo ziwekwe namna gani kabla mtu hajanyosha mkono wake kucheza? Huko Chilangala, juu ya uwanda wa Makonde wilayani Newala, swali hilo lilitosha kuwagawa watu wa baraza moja ambao kwa mambo mengine hawakuwa na ugomvi wowote.

Vijana wa baraza hilo walizoea kutia kete mbili mbili katika kila shimo, kisha mchezo ukaanza papo hapo. Ni bao jepesi, nalo huitwa bao la kujifunza. Jina lenyewe lakiri kuwa ni njia ya kufikia bao jingine. Lakini waliojifunza hawakuendelea mbele. Mzee mmoja alikuwa akiwatazama kwa muda mrefu, hasemi neno. Alasiri moja, msimu wa korosho ukiwa umekwisha na watu wana nafasi, alizikusanya kete zote, akaweka sita katika nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili yaliyo kuume kwa nyumba, akamfanyia vivyo hivyo kijana aliyekaa mbele yake, kisha akamhesabia kete 22 mkononi.

"Babu, na hizi zilizobaki ni za nini?"

"Hizo ndizo bao lenyewe, mjukuu wangu. Hayo mengine mlikuwa mkichezea kete."

Kijana alishindwa mkononi, yaani safu yake ya mbele ilibaki tupu ilhali ghala yake ingali na kete. Akacheza tena, akashindwa tena. Wenzake wakamcheka, na mara ikawa zamu yao ya kuchekwa.

Huo ndio mchezo wa namua. Kila zamu mchezaji huingiza kete moja katika shimo la safu ya mbele lenye kete. Akiwa na cha kula mbele yake hula, na alichokula hukitia upya upande wake kuanzia kichwani. Hakuna kete ifayo katika bao. Mali ya adui huwa mali yako, na zamu ijayo huweza kurudi kwake pamoja na faida. Mwenye pupa hufurahia kula mapema, asione kuwa amejaza mashimo yake ya mbele ili yaliwe. Na katikati ya yote hayo ipo nyumba, ambayo katika ubao uliochongwa kwa adabu huwa shimo la mraba. Kete ya mwisho ya mlaji ikiangukia humo, mwenyewe hupewa hiari: alale hapo, au aivunje nyumba yake na kuipeleka safari kuzunguka ubao. Akiivunja hairudi tena. Hiari hiyo ni kitu cha thamani kubwa, maana sehemu nyingine za mchezo huendeshwa na hesabu, lakini hapa tabia ya mtu huonekana. Wako waliozaliwa kuvunja nyumba, na wako wanaoilinda hata wanakufa nayo imejaa.

Bao la kujifunza halina nyumba. Mtu aweza kulicheza miaka ishirini asiulizwe hata mara moja kama yu radhi kuhatarisha akiba yake.

Jambo kama hilo limepata kutokea mbali sana na Newala. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji hujifanya mashujaa waingiao mapangoni, na mmoja huwa msimulizi na mwamuzi wao. Kanuni zake ziliandikwa upya mara kwa mara. Zamani shujaa alipanda daraja hasa kwa dhahabu aliyoitoa pangoni, wala si kwa wingi wa maadui aliowaua. Kanuni hiyo ilionekana ya kipuuzi, ikaachwa. Ilipoachwa, mchezo uligeuka sura. Mwenye kutafuta dhahabu humkwepa adui, hujadiliana naye, humpita usiku. Mwenye kulipwa kwa kuua humwendea kwa upanga. Wapenzi wa mtindo wa zamani walitambua hayo, na mwaka 2006 kikatolewa kitabu kiitwacho OSRIC kilichozieleza upya kanuni za kale, na vingine vikafuata.

Wao, lakini, walikuwa na vitabu vya kurejea. Chilangala ilikuwa na vichwa vya wazee, na vichwa vya wazee havikubaliani. Hapo ndipo kijana mmoja alipouliza swali ambalo halikustahili kupuuzwa: hiyo sheria ya kale ni ya nani? Uwanda huo na pembezoni mwake wanakaa Wamakonde, Wamakua na Wayao. Upande wa Malawi wanacheza bawo lao. Na Unguja kuna mabingwa ambao Mholanzi Alex de Voogt aliandika juu ya ujuzi wao katika kitabu cha mwaka 1995. Kusema "zamani" pasipo kutaja zamani ya wapi ni kujipatia ushindi kwa bei rahisi. Mzee hakukasirika. Alisema kwamba yeye anarudisha alichofundishwa, na mwenye kufundishwa kingine alete chake kitazamwe ubaoni.

Namua ikakubaliwa, na nyumba pia. Iliyokataa kukaa ni takasia. Kete za mkononi zikiisha, mchezaji asiye na cha kula aweza kutakata kwa werevu hata mwenziwe naye akose cha kula, huku shimo moja tu la mwenziwe likiwa katika hatari. Shimo hilo hufungwa, mwenyewe asiweze kulianzia katika zamu yake. Halifungwi likiwa ni nyumba, wala likiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele, wala likiwa ndilo pekee lenye zaidi ya kete moja. Vijana waliiona kuwa ni hila ya wazee. Ubaya ni kwamba mzee mwenyewe alipoulizwa juu ya masharti haya ya mwisho aliyataja mawili, akanyamaza kidogo, akasema la tatu atalikumbuka. Rika lake waliobaki ni wachache, na mmoja wao haoni tena.

Kwa sasa takasia huchezwa barazani mzee akiwapo, na huachwa akiondoka.