Makaratasi Marefu, Stima Hakuna

Wenzetu mnaoanza chuo hapa Juba, tuongee kidogo kuhusu kusoma. Sisi tuliokulia Kakuma tulizoea kitabu kimoja watu sita, mwalimu anasoma kwa sauti, tunafuata. Wenzetu waliokimbia Khartoum vita vilipoanza Aprili 2023 walisoma kwa Kiarabu toka darasa la kwanza. Sasa wote tunapewa makaratasi ya Kiingereza, marefu kama barabara ya Nimule, na mhadhiri anataka majibu Jumatatu.

Chukua mkataba wa amani wa Septemba 2018. Una sura nane. Ukianza ukurasa wa kwanza na kamusi mkononi, utalalia sura ya kwanza, maana imejaa vyeo tu: rais, makamu watano, mawaziri. Sisi tunafungua yaliyomo kwanza. Swali la mhadhiri liko wapi? Kama ni haki kwa waliodhulumiwa, nenda sura ya tano. Kama ni wakimbizi, ya tatu.

Halafu tunagawana. Watu wanne, kila mtu kipande chake, jioni tunakutana kwa mama chai. Mmoja anaeleza kwa Kiswahili, mwingine anageuza kwa Kiarabu cha Juba. Hapo ndipo unajua nani ameelewa na nani amekariri. Usitafute kila neno, bando litaisha. Neno likirudi mara tatu, hilo tafuta. Na kwenye mikataba angalia sana “shall” na “may”. La kwanza ni lazima. La pili ni wakitaka.

Sura ya tatu ilituchukua siku mbili, ingawa ni fupi. Inasema wakimbizi wana haki ya kurudi kwa usalama na heshima. Mwenzetu mmoja, mama yake bado yuko Kakuma na kila wiki anauliza kwa simu kama arudi. Aliisoma mara mbili kwa sauti, akauliza huo usalama umeelezwa ukurasa gani. Tulitafuta mpaka chai ikapoa.

Nyinyi wa mashirika, si kwa ubaya: taa ya sola na nakala za karatasi zinatufaa kuliko semina ya siku moja. Kusoma kwenye simu iliyopasuka kioo kunaua macho.

Wiki ijayo tunaingia sura ya nne, ya mafuta na pesa. Kama unasoma uchumi, njoo, tunakuhitaji.