Kando ya Nyasi: Wasagaji na Ufeministi wa Kiradikali

Mnamo Julai 1985 nilikuwa msichana wa chuo, nikiishi kwa shangazi yangu mtaani Hurlingham. Kila asubuhi nilitembea hadi Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako maelfu ya wanawake walikuwa wamekusanyika sambamba na mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Siku moja niliwakuta baadhi yao wameketi nyasini, wakizungumza waziwazi juu ya mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke. Nilisimama kando, nisije nikaonekana. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami alininong'oneza, "Hayo si yetu, mwanangu." Nikaitikia, nikaenda zangu.

Kauli ile haikuwa ya Kiafrika peke yake. Huko Marekani, Betty Friedan, ambaye hakuwa mradikali, alihofia kwamba wasagaji wangeivunjia harakati heshima. Mei 1970, wanawake waliokuwa wakijiita Lavender Menace waliteka jukwaa la kongamano mjini New York ili wasikilizwe na wanawake wenzao. Hapa na pale hoja ilikuwa moja: ngojeni, msituharibie.

Yamkini hoja hiyo yafaa kwa anayetafuta kazi na mishahara tu. Kwa mradikali haifai hata kidogo. Yeye hushikilia kwamba mizizi ya ubabedume imo nyumbani: katika ndoa, kitandani na katika malezi. Akishasema hivyo, hawezi kuepa swali aliloliuliza Adrienne Rich mwaka 1980: je, mwanamke kumwelekea mwanamume ni maumbile tu, au ni asasi inayolindwa kwa sheria, mila na hofu? Kwa hiyo msagaji si mgeni aliyekaribishwa na nadharia hii. Yeye ndiye kipimo cha ukweli wake.

Hata hivyo, sikubaliani na Rich katika kila jambo. Anapoutandaza usagaji ukahusisha takriban kila mshikamano wa wanawake, anatuachia mwanya sisi wenye hofu: sote tunajihesabu ndani, na yule anayetukanwa njiani anasahaulika. Kiswahili hakimsahau. Neno msagaji, litokanalo na kitenzi saga, watu wa pwani hawakulipokea kutoka kwa mkutano wowote. Aghalabu hutumika kama tusi. Lakini lugha haihitaji tusi la mtu asiyekuwapo. Yule mama alikosea, nami niliyeitikia nilikosea zaidi.

Septemba 2018, Mahakama Kuu iliposimamisha kwa siku saba marufuku dhidi ya filamu ya Wanuri Kahiu, *Rafiki*, niliitazama katika sinema moja ya Barabara ya Ngong, si mbali na nyumbani. Kilichonichoma ni kuona jinsi umbeya wa wanawake unavyosaidia kuwafichua Kena na Ziki. Ubabedume, niliwaza, hauna haja ya kuwatuma wanaume kila mara.

Tulipokuwa tukitoka, mwanafunzi wangu wa uzamili aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, katika mihadhara yako ya ufeministi, hawa wawili wangeketi wapi?"

Nilikuwa nimefundisha nadharia hiyo miaka mingi bila kuwataja. Sikumjibu usiku ule. Muhula uliofuata nilianza na Rich, kisha nikalieleza darasa habari za nyasi zile, na mahali nilipokuwa nimesimama.